Herufi Mbili Kwenye Ramani

Wapima ardhi wa serikali ya Uingereza walipochora ramani kubwa za miji katika nusu ya pili ya karne ya 19, kwa kipimo cha 1:500, hawakuacha kitu. Nguzo za taa zimo, bomba la maji la mtaani limo, hata ngazi za mlangoni. Ukishuka na kidole hadi mitaa ya wafanyakazi, penye nyumba zilizobanana kama meno, utakuta hapa na pale herufi mbili: B.H. Baa kamili iliandikwa P.H. Hiyo nyingine ilikuwa nyumba ya bia. Nenda leo ukaitafute. Aghalabu utakuta maegesho ya magari.

Asili yake ni sheria moja. Mwaka 1830 serikali ya Duke wa Wellington ilikuwa na mambo mawili yaliyoikera: pombe kali ya gini, iliyolaumiwa kwa ulevi wa maskini, na matajiri wa viwanda vya bia, ambao walimiliki baa nyingi na kupanga bei watakavyo. Leseni za baa zilitolewa na mahakimu wa eneo, nao hawakuzigawa ovyo. Bunge likaamua kuwapita mahakimu hao kando. Kuanzia Oktoba mwaka huo, mtu yeyote aliyelipa kodi ya nyumba aliweza kwenda kwa maofisa wa ushuru, akatoa shilingi 42 (ndiyo, shilingi hiyo hiyo iliyotuachia jina la fedha yetu), akarudi nyumbani na leseni. Sharti lilikuwa auze bia na sida tu. Gini na divai asiziguse. Ushuru wa bia yenyewe nao ukafutwa.

Kabla mwaka haujaisha zilikwishatolewa leseni zipatazo 24,000. Ilipofika 1838 nyumba za bia zilipita 40,000. Friedrich Engels, aliyekuwa akiishi Manchester, aliilaumu sheria hiyo katika kitabu chake cha 1845 kwa kumsogezea kila mtu ulevi mlangoni. Na gini, iliyokuwa ndiyo shabaha, iliendelea kunyweka.

Sasa usije ukafikiria baa za kwenye filamu, zenye vioo vya nakshi na kaunta inayong'aa. Hizo ni P.H. Nyumba ya bia ilikuwa sebule ya mtu: benchi mbili, meza, moto wa makaa, na pipa kwenye chumba cha nyuma. Kaunta mara nyingi haikuwapo; mwenye nyumba alikwenda nyuma, akajaza jagi, akaja kukumiminia. Tena huyo mwenye nyumba mara nyingi alikuwa mke. Mume alishinda kazini, na ndiyo maana katika daftari za sensa unakutana na mtu aliyeandikwa kuwa mwashi na papo hapo muuza bia. Mjane naye aliona hapo njia ya kulisha watoto bila kutoka nje. Baadhi yao walipika bia wenyewe uani, pengine katika sufuria ile ile ya kuchemshia nguo. Aliyekulia jirani na kilabu cha pombe cha mtaani hana haja ya kuelezwa zaidi. Watoto walitumwa na jagi kumletea baba bia ya chakula cha jioni, hadi sheria ya 1901 ilipozuia kumpa mtoto wa chini ya miaka 14 pombe isiyokuwa kwenye chombo kilichofungwa kwa lakiri.

Nyumba nyingi za bia hazikuwa na jina rasmi. Vitabu vya orodha za wafanyabiashara vinataja muuzaji, mtaa na kazi yake, basi. Muuzaji akihama, mtafiti anapotea naye.

Mwaka 1869 leseni zikarudishwa mikononi mwa mahakimu, lakini Bunge likaacha mwanya. Nyumba iliyokuwa na leseni kufikia tarehe 1 Mei mwaka huo haikuweza kunyimwa leseni mpya ila kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile vurugu au mwenye nyumba kukosa sifa njema. Kijisebule cha mjane kikapanda thamani ghafla. Viwanda vya bia, vile vile ambavyo sheria ya 1830 ilikusudia kuvipunguza nguvu, vikaja na fedha na kuzinunua.

Watu wengi husema nyumba hizo zilibomolewa na mabomu ya Hitler, au na mabuldoza yaliyosafisha mitaa ya mabanda baada ya vita. Yalichangia. Lakini kwa maoni yangu muuaji hasa ni sheria ya 1904. Hiyo iliruhusu nyumba ifungwe kwa kuwa tu haihitajiki, bila kosa lolote, na mwenyewe alipwe fidia kutoka mfuko uliochangiwa na wauza pombe wenzake. Nyumba za bia, ndogo na zilizobanana, ndizo zilizokuwa rahisi kuchaguliwa. Ikishafungwa, mlango unapakwa rangi, benchi zinatolewa, sebule inarudi kuwa sebule.

Ukitaka kuijua nyumba mojamoja, anza na kumbukumbu za vikao vya mahakimu vilivyoamua kufunga nyumba na kulipa fidia hiyo. Polisi walifika mbele ya mahakimu na hesabu kamili: vyumba vingapi, milango mingapi, choo kiko wapi, na yadi ngapi hadi baa ya jirani. Ni nadra nyumba hizo kuwa zilielezwa kwa makini namna hiyo kabla ya hapo.