Ndoa ikivunjika, mtoto hagawanywi kwa hesabu ya ng'ombe

TINDE ni njia panda. Barabara kuu inayotoka Nzega hugawanyika hapo: moja huelekea Shinyanga na Mwanza, nyingine Isaka na Kahama. Wanaume wengi wa ukanda huu wameishika hiyo ya Kahama kwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu ya Kakola, Nyarugusu na Geita. Wapo wanaorudi na fedha, wapo wanaoanzisha familia nyingine huko huko, na wapo wasioonekana tena. Ndoa ikivunjika katika hali hiyo, wazee wakikutana huanza na swali moja: watoto ni wa nani?

Kwa mila za Kisukuma, jibu liko zizini. Ng'ombe wa mahari wakitolewa, watoto ni wa ukoo wa baba. Wasipotolewa, ni wa upande wa mama. Ndiyo maana baba aliye machimboni anaweza kuwatuma ndugu zake wamchukue mtoto wa miaka minne wampeleke kwa bibi yake, huku mwenyewe hajui atarudi lini. Kwa hesabu ya ukoo hakuna kosa. Kwa mtoto, amempoteza mama na baba hajampata.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua mila, lakini haiitangulizi. Kifungu cha 125 kinaitaka mahakama itazame kwanza ustawi wa mtoto. Pamoja na hilo hupima matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto ikiwa ana umri wa kujieleza, na desturi za jamii yao. Mtoto aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake. Hata hivyo, jambo hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama huangalia pia madhara ya kumhamisha mtoto aliyekwisha kuzoea anapoishi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 26, inasema wazazi wakitengana mtoto ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu kwa kiwango alichokuwa nacho kabla. Ana haki pia ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa upande wa pili, ilimradi masomo yake yasivurugike.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mama hukataa mtoto asimwone baba yake kwa sababu hela haijatumwa. Baba naye hakatai jukumu, ila anasema hatoi senti mpaka akabidhiwe mtoto. Wote wawili wanabadilishana haki ambayo si yao. Kwa sheria, baba ana wajibu wa kutunza hata kama mtoto analala kwa mama, na deni la matunzo halifuti ziara ya likizo.

Fedha ya dhahabu haina tarehe

Mchimbaji mdogo hana mshahara. Hulipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe duara linapotoa, na linaweza kukaa miezi bila kutoa kitu. Akiahidi kiwango kikubwa kila mwezi, ahadi itavunjika mapema na ugomvi utaanza upya.

Mahakama inapopanga matunzo hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Wazazi wanaweza kufuata hesabu hiyo hiyo nyumbani: kiasi kidogo cha chakula kisichokosekana, kinachotumwa kwa simu ili kumbukumbu ibaki, kisha mgao ukitoka, sare, viatu, daftari na matibabu. Shule ya msingi ya serikali haina ada, lakini mahitaji hayo hayajaondoka.

Ziara nayo ipangwe mapema, kwa mfano likizo ya Juni au ya Desemba, na ikubaliwe nani atasafiri na mtoto. Mtoto mdogo asikabidhiwe kwa kondakta wa basi. Akae nyumbani kwa baba au kwa bibi, si kwenye kambi ya machimbo penye mashimo wazi na moshi wa zebaki. Kumpa mtoto kazi ya machimbo ni kosa kisheria, hata kama mwenye duara ni baba yake.

Waanzie wapi?

Wanaotaka talaka hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa. Kwa matunzo na malezi, afisa ustawi wa jamii husaidia wazazi kufikia makubaliano, na wakishindwa, mahakama huamua. Amri ikishatolewa si ya milele: baba akirudi kuishi Tinde, au mama akihama, yeyote kati yao anaweza kuomba ibadilishwe.

Wazee wanaweza kumaliza habari ya ng'ombe siku yao. Suala la mtoto likae kikao chake, na akiwa mkubwa wa kutosha kujieleza, naye aitwe aulizwe.