Deni ya zamani haifutwe na jina mpya



Sisi wa mwaka wa sita, seksioni ya biashara, tunapenda kuwaeleza jambo moja linalogusa nyumba nyingi za hapa Luano. Wazazi wetu wengi wanauzisha. Wanaanza na patenti, kwa jina lao wenyewe, na makuta ya kuanzia ni ya kukopa: ku benki, kwa kadi ya deni, ao kwa muuzaji wa jumla. Kisha kazi inakomaa, wanaandikisha sosiete. Sasa ile deni ya zamani itakuwa ya nani?

Wengi wanajibu mbio mbio: «Iko ya sosiete, haiko yangu tena.» Hapana, sivyo. Tuangalie vizuri.

Mtu anayeuzisha kwa jina lake peke yake hana mifuko miwili mbele ya sheria. Kwa sheria ya mali ya tarehe 20 Julai 1973, vitu vyote vya mwenye deni, vya leo na vya kesho, ni dhamana ya wadai wake. Duka, motokari, hata lupango.

Sosiete ni mtu mwingine. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 inchi yetu inafuata sheria za OHADA, na mtu mumoja peke yake anaweza kuunda SARL. Anapeleka karatasi ku Guichet Unique, SARL inapata namba ya RCCM, na toka siku ile iko na mali yake na madeni yake. Hasara ikija, mwenyewe anapoteza tu kile alichotia ndani. Njo uzuri wake. Lakini kinga ile hairudie nyuma.

Tuseme mama mumoja alikopa dola 3.000 kwa kadi yenye jina lake, akanunua mifuko ya bunga ku Kasumbalesa. Amebakiza dola 1.800, halafu anaunda SARL. Mkataba wa kadi ulitiwa sahihi na nani? Na yeye. SARL ilikuwa haijazaliwa. Basi benki itamdai yeye, hata kama bunga iko sasa mu depo ya SARL.

Afanye nini? Njia ni tatu.

Ya kwanza, alipe deni yote mbele ya kuandikisha sosiete.

Ya pili, aombe benki ikubali SARL ichukue deni pahali pake. Benki iko na haki ya kukataa. Ikikubali, iandike wazi kwamba inamwachilia yeye mwenyewe. Bila mstari huo SARL inakuwa mdaiwa wa pili tu, naye anabaki ndani. Tena asome karatasi yote: benki inaweza kumwomba awe mdhamini wa SARL. Akitia sahihi pale, lupango imerudi mu hatari.

Ya tatu, deni ibaki yake, ailipe pole pole na mshahara ao faida anayopata mu SARL, na yote iandikwe mu vitabu.

Asifungue tu sanduku ya SARL na kulipa mambo yake. Kiongozi anayetumia mali ya sosiete kwa faida yake, kwa nia mbaya na kinyume cha faida ya sosiete, anafanya kosa la jinai kwa sheria za OHADA. Hata kama sosiete ni yake peke yake! Na ile kadi ya zamani asiitumie tena kwa manunuzi ya SARL; aombe ingine yenye jina la SARL.

Ndugu wasomaji, mkirudi nyumbani ku likizo, ulizeni baba ao mama maswali mawili: kadi iko na jina la nani? Nani alitia sahihi, na siku gani? Ni maswali madogo, lakini bora ninyi muyaulize leo kuliko wadai waje kuyauliza ku mlango.