Tumbo Lisilolala

Mfugaji wa Nyamira aamkapo alfajiri na kushika panga akakate nepia kandokando ya shamba lake la chai, huwa amekwisha kujua, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba ng'ombe wake akipewa mzigo asubuhi na mzigo jioni atajaza tumbo, atalala kivulini, na atacheua alichokimeza hata mwenyewe arudipo kutoka kituo cha kupimia majani chai. Na elimu hii, aliyoirithi kwa wazazi na kuithibitisha kwa maziwa, ni elimu sahihi kabisa mpaka siku atakapoletewa farasi.

Farasi ni mgeni adimu kwetu. Walakini uwanja wa mashindano wa Ngong, uliofunguliwa Nairobi mwaka 1954, haukosi wastaafu, na farasi wa mbio hustaafu angali kijana: aghalabu hajatimiza miaka 8, ilhali umri wake waweza kufika 25 na kupita. Waliobahatika huingia katika polo au katika kuruka viunzi. Wengine huangukia kwa mtu mwenye nia njema na ekari chache za majani, na ekari hizo zaweza kuwa Borabu, mpakani mwa Sotik, kama ziwezavyo kuwa Limuru. Tuseme basi farasi wa namna hiyo ameshushwa kwenye lori: mbavu zahesabika, manyoya yamefifia, nafaka anainusa na kuiacha, na afungwapo mkanda wa tandiko hugeuza shingo akamtishia saisi kwa meno. Jirani atasema mnyama huyu ana kiburi. Huenda ni maumivu ya tumbo.

Maumbile yamempa ng'ombe tumbo la vyumba vinne, na kile kikubwa, chenye nafasi ya lita 100 na zaidi, ni ghala na kiwanda kwa pamoja: chakula huwekwa humo, huchachushwa na vijidudu, hurudishwa kinywani kutafunwa upya, na kazi huendelea hata horini pasipotiwa kitu kwa nusu siku. Farasi hakujaliwa ghala hilo. Tumbo lake ni moja, nalo ni dogo mno kwa kiwiliwili cha kilo 450, kwani huchukua lita 8 hadi 15 tu. Uchachushaji wake hufanyika nyuma, katika utumbo mpana, baada ya chakula kwisha kupita tumboni. Na kwa kuwa aliumbwa atembee nyikani akikwanyua majani kidogo kidogo kwa muda wa saa 16 au 18 katika kila 24, tumbo lake halikufundishwa kungoja mlo. Tindikali humwagika ndani yake usiku na mchana, ameshiba ama ana njaa. Kinachoituliza ni mate, maana yana chumvichumvi iliyo jamaa ya magadi, na farasi alaye vizuri hutoa lita 35 na zaidi kwa siku. Lakini mate hayo, tofauti na yetu yanayotutoka kwa harufu ya nyama choma tu, hayatoki mpaka atafune. Hori likiwa tupu mate hukauka, na tindikali haikauki.

Tumbo lenyewe ni sehemu mbili. Ya chini, iitengenezayo tindikali, imevikwa ute mzito wa kuikinga. Ya juu ina ngozi mfano wa ile ya umio, na kinga haina. Farasi akiwa na majani tumboni, majani hayo hufanya jamvi linaloelea na kuizuia tindikali isirukie juu. Akipigishwa mbio tumbo li tupu, misuli ya fumbatio hulibana kama mtu akamuaye kiriba, tindikali hupanda, na ngozi ile isiyo na kinga huungua. Sasa yafikirie maisha ya bingwa wa mbio: amefungiwa bandani peke yake kwa sehemu kubwa ya siku, amepewa nafaka nyingi na majani machache ili awe na nguvu bila ya kitambi, na kila asubuhi hukimbizwa. Mtu asistaajabu, basi, kwamba wataalamu waliochungulia matumbo ya farasi wa mbio katika nchi mbalimbali wamekuta vidonda kwa wanane au tisa kati ya kila kumi walio mazoezini. Dawa za maumivu ya miguu za jamii ya fenilbutazoni nazo, zikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuidhuru hata ile sehemu ya chini.

Lakini kukonda si ushahidi wa vidonda pekee. Meno ya farasi huota maisha yake yote, na kingo zake zikawa kali kama wembe zikimkata shavu, nayo minyoo humnyonya, na washukiwa hawa wawili, meno na minyoo, yafaa waondolewe kwanza kabla ya kuituhumu tindikali. Hukumu ya vidonda hutolewa kwa kamera iliyo kwenye mpira wa mita 3, inayopitishwa puani hadi tumboni, na chombo hicho hakipatikani kwa kila daktari wa mifugo. Dawa yenye sifa ni omeprazoli, iliyoidhinishwa kwa farasi nchini Marekani mwaka 1999: miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kabla ya kula, aghalabu kwa siku 28. Mwenye kufanya hesabu ataona kwamba farasi wa kilo 450 ahitaji miligramu 1,800, yaani sawa na vidonge 90 vya miligramu 20 avinunuavyo mtu dukani kwa kiungulia chake. Tena omeprazoli isiyokingwa huharibiwa na tindikali ile ile iliyotumwa kuizuia, kwa hiyo dawa ya farasi hutengenezwa kwa namna yake. Hilo ni shauri la daktari, wala si la jirani.

La mwenye farasi ni hori, na hori huanza kwa kipimo. Chukua futi ya fundi cherehani, uzungushe kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha upime urefu toka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, uzidishe kwa urefu, ugawe kwa 11,880, vipimo vyote vikiwa sentimita. Mzunguko wa 178 na urefu wa 160 hutoa kilo 427. Rudia kila baada ya wiki mbili na uandike daftarini, kwa sababu jicho limwonalo mnyama kila siku ni shahidi dhaifu. Mkono nao una kazi: mwaka 1983 mtaalamu Henneke wa Texas na wenzake walitoa kipimo cha hatua 1 hadi 9, kinachosomwa kwa kupapasa shingo, mgongo, mbavu na mzizi wa mkia: aliye katika hatua ya 3 mifupa yasomeka, wa 5 mbavu zaguswa lakini hazionekani, na kutoka hatua hadi hatua ni takriban kilo 20.

Aliyedhoofu hadi kuwa gofu asikaribishwe kwa karamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba mwili uliozoea njaa ukijazwa nafaka ghafula huvurugika madini ya damu, na mnyama aweza kufa akiwa mbele ya hori lililojaa. Huanzishwa kwa lusani kiasi cha nusu kilo kila baada ya saa 4, na kuongezwa polepole kwa siku 10 au zaidi. Ambaye ni mwembamba tu, majani makavu yawe mbele yake wakati wote, wala asikae bila ya kitu cha kutafuna kupita saa 6, usiku ukiwemo. Kilo moja ya majani humchukua dakika 40 hivi kuitafuna. Kilo ya nafaka, dakika 10. Lusani ina fadhila zaidi, kwani kalisi na protini yake huipoza tindikali, na konzi mbili kabla ya kumpanda hutandika lile jamvi upya. Shibe yenye nguvu itafutwe katika mafuta ya mahindi au ya alizeti, kuanzia kijiko na kupandishwa kwa wiki tatu hata nusu lita kwa siku. Mahindi yapunguzwe: wanga usipite gramu moja kwa kila kilo ya uzito katika mlo mmoja, na kwa farasi wetu hiyo ni chini ya theluthi ya gorogoro. Na apewe mwenzi, maana upweke nao humwunguza. Punda atafaa sana, ila apewe dawa ya minyoo kwanza, kwa kuwa hubeba minyoo ya mapafu bila ya kuugua na kumwambukiza farasi, ambaye hukohoa mwezi baada ya mwezi.

Hapa ndipo Nyamira inapodai hadhari ya peke yake. Nepia yetu, na nyasi za Kikuyu zinazotanda malishoni, zina oksalati inayofunga kalisi isimfikie farasi, hata mifupa ya uso ikavimba na miguu ikachechemea. Ng'ombe haoni taabu hiyo kwa sababu vijidudu vya tumboni mwake huila oksalati. Majani ya Boma Rhodes yanastahili kuwa chakula cha msingi, japo yabidi kununuliwa. Yasipitishwe kwenye mashine ya kukatia, maana kukatakata ni kumwibia kutafuna. Mahindi yenye ukungu, ambayo katika mvua zetu hayakosi, huweza kubeba sumu inayoyeyusha ubongo wa farasi. Miparachichi, fahari ya mashamba ya siku hizi, isiwe uzio wa zizi lake, kwa kuwa majani yake hudhuru moyo.

Nalo la mwisho ni gunia la unga wa ng'ombe wa maziwa, ambalo mkono wa mwenye huruma hulifuata kwanza amwonapo mnyama amekonda. Baadhi ya vyakula hivyo hutiwa monensini, dawa imsaidiayo ng'ombe kuyeyusha chakula, na ambayo kwa farasi miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya uzito hutosha kuuharibu moyo hata akafa. Dawa ya kuiondosha mwilini haipo. Soma kibandiko kabla ya kukata uzi. Ukilikuta jina hilo, au usipoona orodha ya vilivyomo, mwachie ng'ombe gunia lake.