Hadithi ya Kisayansi ya Mfululizo katika Somo la Kusoma

Madhumuni ya makala hii ni kumwonyesha mwanachuo namna ya kutumia hadithi ya kisayansi yenye mwendo wa kasi, isomwayo sehemu baada ya sehemu, ili mtoto apende kusoma. Watoto wengi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi wanajua kusoma, lakini hufunga kitabu kengele iliapo, wasikifungue tena mpaka kipindi kijacho. Mtoto wa namna hiyo hakukosa ujuzi wa kusoma. Amekosa sababu ya kusoma.

1. Asili ya kasi

Kasi ya hadithi haitokani na wingi wa mbio na mapigano. Hutokana na swali ambalo bado halijajibiwa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alilifahamu vyema jambo hili. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kisha Kisima cha Giningi (1968) na Siri ya Sifuri (1974), msomaji humfuata Bwana Msa kitabu hata kitabu kwa kuwa daima pana jambo lililofichika. Hizo ni riwaya za upelelezi. Upande wa bunilizi ya kisayansi, Katama Mkangi wa Kenya alimsafirisha Dzombo hadi sayari ngeni katika Walenisi (1995). Vitabu vya aina hii vya Kiswahili vilivyokusudiwa watoto ni vichache. Kwa hiyo mwalimu hana budi kutunga mwenyewe.

2. Kutunga kisa

Kisa kianzie mahali mtoto apajuapo. Tuchukue Kidichi, penye mashamba ya viungo na hamamu ya Kiajemi iliyojengwa mwaka 1850, zama za Seyyid Said. Unguja ina historia yake ya anga pia. Huko Tunguu, Wamarekani waliweka kituo cha kufuatilia vyombo vya angani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, alizungumza na kituo cha Zanzibar kwa redio. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Basi sehemu ya kwanza yaweza kuwa hivi: watoto wawili wa Kidichi wanajikinga mvua karibu na hamamu. Wanaokota simu ya upepo kuukuu, wanaiwasha na kuuliza, "Wewe ni nani?" Kimya. Baada ya sekunde mbili na nusu, sauti inajibu. Wanauliza tena, kimya kile kile, muda ule ule. Sehemu inaishia hapo.

3. Hatua za somo

(a) Wanafunzi wasome sehemu hiyo, kisha wafunge madaftari.

(b) Kila kikundi kikisie msemaji yuko wapi, na kitoe ushahidi kutoka katika hadithi. Kisio lisilo na ushahidi lisiandikwe ubaoni.

(c) Mwalimu aeleze kwamba mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Sauti imekwenda na kurudi. Kwa hiyo, ikiwa msemaji hujibu papo hapo, safari moja ni sekunde 1.25. Watoto wazidishe: kilomita 375,000. Umbali wa mwezi ni kilomita 384,000 kwa wastani. Hapo darasa litagundua siri kabla ya mashujaa wenyewe. Kwa kulinganisha, Glenn aliruka chini ya kilomita 300 juu ya ardhi; kimya cha namna hiyo kisingesikika.

(d) Kila kikundi kiandike sehemu ya pili, nayo iishie kwa swali jipya.

4. Tahadhari

Jambo la kubuni liwe moja, yaani msemaji aliye mwezini. Mengine yote yafuate kanuni za sayansi. Shujaa akiokolewa kwa muujiza kila mara, mtoto huacha kufikiri, maana hakuna tena cha kukisia. Vilevile, sehemu isikatishwe kwa kitisho kitakachomnyima mtoto usingizi. Ikatishwe kwa swali atakalolichukua nyumbani akawaulize wenziwe. Na mwalimu akiahidi sehemu ya pili siku ya Ijumaa, isomwe Ijumaa. Ahadi ikivunjwa, swali hufa, na hamu ya kusoma hufa pamoja nalo.

Mwisho, somo hili lisipimwe kwa majibu ya ufahamu peke yake. Mwalimu aangalie pia ni watoto wangapi waliokuja kuomba daftari la hadithi baada ya kengele kulia.