Programu Ikifa, Nyimbo Zenu Zinabaki kwa Nani?

Mwenzio amemaliza miaka na mshiko wake kwenye programu moja ya kurekodi muziki. Siku waliyoitengeneza wakisema "basi, tumeacha", hasara ni ya nani? Usijidanganye kwamba ni ya prodyuza peke yake. Ni ya nyumba nzima!

Walio kwenye ndoa wanajua kwamba neno "maisha" halitamkwi ovyo. Mwaka 2016 kampuni ya Cakewalk ya Boston, Marekani, ililitamka. Iliwaambia wateja wa programu yake ya SONAR Platinum walipe mara moja tu, kisha wapate maboresho yote bure maisha yao yote. Haikuwa kampuni ya mtaani hiyo, ilianza mwaka 1987. Watu wakatoa pesa. Tarehe 20 Novemba 2017 kampuni ya Gibson, watengenezaji wa magitaa walioinunua Cakewalk mwaka 2013, ikatangaza kwamba inasitisha kuitengeneza. "Maisha" yalikuwa hayajafika hata miaka miwili.

Sasa utauliza, ya Boston yananihusu nini mimi niliye Ibadakuli?

Yanakuhusu kwa sana. Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, penye uwanja wa ndege na kituo kikubwa cha kupoza umeme, kule inakoishia laini ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida. Kwa maeneo kama haya, studio siku hizi haihitaji jengo. Chumba cha nyuma kinatosha: kompyuta, maiki, saundi kadi, na godoro au mapazia mazito ukutani ili sauti isirudi. Leo inakuja kwaya, kesho msanii anayetaka wimbo wa Kisukuma wa harusi, keshokutwa kijana katoka machimboni Geita na pesa yake mkononi, anataka singo. Ndiyo ada ya mtoto hiyo, ndiyo kodi ya nyumba. Na yote yamekaa ndani ya programu ambayo mwenye nayo yuko ng'ambo na wala hakujui.

Si mara ya kwanza

Wale mliojifunza kurekodi enzi za Bongo Flava inachanua mnaikumbuka Cool Edit Pro. Ilitengenezwa na kampuni ya Syntrillium ya Arizona. Mei 2003 Adobe ikainunua kwa dola milioni 16.5, na kabla mwaka haujaisha jina la Cool Edit likafutwa, ikawa Adobe Audition. Mwaka 2011 Audition nayo ikaandikwa upya na kuja na aina mpya ya faili za kazi.

Kuna waliopata kasheshe kubwa zaidi. Julai 2002 Apple iliinunua Emagic ya Ujerumani, watengenezaji wa Logic. Tarehe 30 Septemba mwaka huohuo toleo la Windows likafikia kikomo. Ukitaka kuendelea na Logic, nunua kompyuta ya Apple. Huwezi? Hamia kwingine. Ndiyo ilikuwa hivyo, miezi mitatu tu!

SONAR yenyewe ilipata bahati ya kufufuka. Februari 2018 kampuni ya BandLab ya Singapore iliinunua, na Aprili ikaitoa bure kwa jina la Cakewalk by BandLab. Gibson wao waliomba ulinzi wa kufilisika Mei mwaka huo. Ila hata wa bure hawakutulia: mwaka 2023 BandLab ikatangaza kwamba toleo hilo litaondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Sonar mpya ya kulipia. Mwaka 2025 Sonar hiyo ikapata nayo ngazi ya bure. Umeona mzunguko huo? Ndani ya miaka minane mteja kaachwa, karudiwa, kaambiwa alipe, kasamehewa. Kama ni mchumba, mashoga zako wangekuwa wamekwishakushauri zamani.

Tusiwapake wote matope lakini. Image-Line ya Ubelgiji, wenye FruityLoops iliyobadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003, nao waliahidi maboresho ya bure ya maisha, na hadi leo wanatekeleza. Tatizo ni kwamba siku ya kulipa, ahadi inayotimizwa na isiyotimizwa zinafanana kabisa.

Kinachokufa ni nini hasa?

Hapa wengi wanachanganya. Programu ikisitishwa haizimiki usiku huo. Inaendelea kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Matatizo yanakuja polepole: Windows mpya inaikataa, saundi kadi mpya haielewani nayo, au kompyuta inakufa na ukitaka kuiweka kwenye nyingine, mahali pa kuthibitishia leseni hapapo tena.

Na wimbo uliokwishatoka haupotei, maana huo ni faili la kawaida la sauti. Kinachokwama ni projekti, yaani ile kazi ikiwa bado wazi: sauti ya mwimbaji peke yake, gitaa peke yake, ngoma peke yake, pamoja na mipangilio yote ya kumiksi. Projekti ya programu moja kwa kawaida haifunguki kwenye nyingine. Kwaya ikirudi baada ya miaka mitatu kusema "tunataka kubadilisha ubeti wa pili", utawajibu nini? Na kama ndani yake mna sauti ya bibi aliyeimba kwenye harusi yenu, ambaye sasa ni marehemu, huwezi kumwita studio arudie.

Kuhama bila machozi

Mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Toa kila treki kama faili la WAV. Zote zianzie sekunde ya kwanza ya wimbo, hata kama gitaa linaingia katikati. Ukizifungua kwenye programu nyingine zitakaa sawa zenyewe.

2. Sauti muhimu zitoe mara mbili: moja kavu, nyingine ikiwa na mwangwi na madoido yake. Plagini ulizonazo leo huenda usiwe nazo kesho.

3. Andika kasi ya biti na ufunguo wa wimbo. Vinanda vilivyopigwa kwa MIDI vitoe pia kama faili za MIDI, hizo zinasomwa karibu kila mahali.

4. Piga hesabu ya nafasi. Treki moja ya mono yenye ubora wa biti 24 na kilohezi 44.1 inakula takriban MB 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 20 ni kama MB 640. Nyimbo 100 zinaingia kwenye flashi ya GB 128 na nafasi inabaki. Weka kopi mbili, na moja isilale nyumba moja na kompyuta. Mwizi hachagui.

5. Usifute programu ya zamani. Miksi mpya jifunzie kwenye wimbo wako mwenyewe, siyo wa mteja aliyelipa.

6. Jaribu kabla ya kununua. Reaper inakupa siku 60 za majaribio, na leseni kwa mtu binafsi au biashara ndogo ni dola 60. Audacity na Ardour ni za wazi, hakuna kampuni moja inayoweza kuamka asubuhi ikazifungia kabatini. Ziko pia zinazotumia DAWproject, aina ya faili iliyoletwa mwaka 2023 na Bitwig na PreSonus ili projekti iweze kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine.

Na kopi za kichochoroni? Si unajua tena. Zinakuja na virusi, na zikizingua huna wa kumlalamikia.

Mkae mezani, wote wawili

Kuhama kunakula muda. Aliyekuwa anamaliza wimbo kwa siku mbili atahitaji wiki, maana vidole vimezoea vitufe vya zamani. Mwenzi asiyejua hilo anaona tu mtu anakesha, hela haiji na hasira ziko juu. Anaanza kuhisi mengine!

Kwa hiyo mwambie mapema. Mpangie bajeti ya miezi miwili ya kipato kidogo, na kazi mpya zipunguzwe kipindi hicho. Na wewe usiyeshika maiki, usiseme "yale makompyuta yako". Uliza maswali matatu: nyimbo za wateja ziko wapi, nani mwingine anajua pa kuzipata, na mteja ameahidiwa kutunziwa kazi yake kwa muda gani? Studio ikiwa ya familia, nywila na ile flashi ya pili visijulikane na mtu mmoja tu. Mtu anaugua, anasafiri, anafariki.

Wateja nao wana haki yao. Waambieni waziwazi, mkimaliza kazi wapeni treki zao kwenye flashi wanayoileta wenyewe. Kwaya iliyotunza sauti zake haitawalaumu kompyuta ikigoma, na itarudi kurekodi albamu ya pili.

Jumamosi hii anzeni na nyimbo tano tu, zile ambazo zikipotea mtalia. Nyingine zifuate wiki kwa wiki.