Boksi spana ya Kijapani: anza na namba, siyo bei

Vijana wenzangu, ukishuka Kariakoo au Gerezani kutafuta soketi za pawatila, jua hili kwanza. Boliti yenye unene wa milimita 8 kwenye mashine za Kijapani kama Kubota mara nyingi hufunguliwa kwa namba 12. Kwenye nyingi za Kichina ni 13. Ukilazimisha 13 kwenye 12, kichwa kinalika, na msimu haukusubiri.

Chukua soketi ya pembe sita, inashika kuliko ya pembe 12. KTC, Koken na Tone ni za Kijapani. Soma jina lililogongwa kwenye chuma, siyo kwenye boksi. Mtumba mzima ni bora kuliko mpya feki: kagua nyufa na pembe zilizolika. Hela ndogo? Anza na 10, 12, 14 na 17.