Kisa Kitamu na Kisa Kichungu Vipimwe kwa Mizani Moja

Mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kubuni, na kwa hilo hatumlaumu. Taabu huanza pale tunapoyapokea aliyoyabuni kuwa ndiyo historia iliyofichwa na wakuu wa dini, bila kumwuliza ameipata wapi.

Chukua kitabu cha "The Da Vinci Code", cha Mmarekani Dan Brown, kilichotoka mwaka 2003. Humo mhusika mmoja anadai kwamba mwaka 325 mfalme Konstantino aliwakusanya maaskofu mjini Nikea, ambao leo ni Iznik katika Uturuki, wakapiga kura kuamua kama Nabii Isa ni mungu. Ati kura zilikaribiana, kisha Injili zilizomweleza kuwa ni binadamu zikapigwa marufuku na kuchomwa moto.

Sisi Waislamu maneno haya hutupendeza. Nimeyasikia barazani na katika mihadhara, yakitolewa kana kwamba ni ushahidi uliothibiti. Lakini je, yamethibiti?

Mkutano wa Nikea ulikuwapo kweli. Ulijadili mafundisho ya Ario, kasisi wa Iskandaria aliyesema kuwa Mwana ameumbwa. Ulizungumzia pia siku ya Pasaka, na ukatoa kanuni 20. Katika kanuni hizo hakuna hata moja inayochagua vitabu vya Biblia. Kura nazo hazikukaribiana, kwani mwishowe ni maaskofu wawili tu waliosimama na Ario. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, kama ilivyo leo, tunaikuta katika barua ya Askofu Athanasio ya mwaka 367, miaka 42 baada ya mkutano ule.

Hata hivyo, kuchomwa kwa maandishi kulikuwapo. Konstantino aliamuru maandishi ya Ario yatiwe moto, na atakayeyaficha auawe. Basi riwaya imelichukua jambo la kweli ikalivika kanzu isiyo yake: yaliyoamriwa kuchomwa ni maandishi ya Ario, si Injili.

Sasa tugeukie kisa kinachotuchoma sisi. Jurji Zaydan alikuwa Mkristo wa Lebanon aliyehamia Cairo, akaanzisha jarida la Al-Hilal mwaka 1892. Aliandika riwaya zaidi ya 20 juu ya historia ya Uislamu, na watu wengi waliijua historia hiyo kupitia kalamu yake. Aliandika pia kitabu cha historia ya ustaarabu wa Kiislamu, na humo akakiunga mkono kisa kisemacho kwamba Sayyidna Umar alimwamuru Amr bin al-As kuichoma maktaba ya Iskandaria, vitabu vikawa kuni za kuchemshia maji ya hamamu kwa miezi sita.

Nacho tukipime. Waislamu waliingia Iskandaria mwaka 642. Askofu Yohana wa Nikiu, aliyeandika katika karne ile ile na ambaye hakuwaonea haya Waislamu, hakitaji kisa hiki. Kinajitokeza kwenye miaka ya 1200, baada ya zaidi ya miaka 500, na waliokiandika ni Waislamu wenyewe, Abdul-Latif al-Baghdadi na Ibn al-Qifti. Tena, Yahya an-Nahwi, anayesemekana kumwomba Amr vitabu hivyo, alikuwa mwanachuoni wa karne ya 6. Alikwisha kufa kabla jeshi la Amr halijafika Misri.

Zaydan alijibiwa kwa njia mbili. Mwaka 1910 Chuo Kikuu cha Misri kilimpa kazi ya kufundisha historia ya Uislamu, kisha kikamnyang'anya kabla hajaanza, kwa sababu ya malalamiko ya watu. Hilo lilimfunga mdomo darasani, wala halikufuta hata mstari mmoja wa kitabu chake. Mwaka 1912 Shibli Nu'mani, mwanachuoni wa Bara Hindi, alikishika kitabu hicho akakijibu hoja kwa hoja, na jibu lake likachapwa katika Al-Manar ya Cairo. Jarida hilo lilifika hadi kwetu Mombasa, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa waliofuata mwendo wake. Nionavyo mimi, Shibli alishinda pale chuo kiliposhindwa. Jibu la kitabu ni kitabu.

Sisi ni umma wa isnadi. Sura ya Al-Hujurat inatuamrisha tuchunguze habari tuletewapo, wala haikubagua habari tunayoipenda na tunayoichukia. Itakuwaje basi tumdai Zaydan wapokezi wake, na Brown tumwachie apite? Tumwulize kila mmoja: nani wa kwanza kulisema jambo hili? Alilisema baada ya miaka mingapi? Na waliokuwapo walisema nini?

Imani yetu juu ya Nabii Isa imesimama juu ya Qur'ani, haihitaji mwega wa riwaya. Kijana apandaye jukwaani na kisa cha Nikea alichokitoa kwa Brown, kisha akasahihishwa na Mkristo aliyesoma, ataonekana mwongo hata katika yale ya haki aliyoyasema.